TUWAHESABU KWA HAKI WAGONJWA WANAOANGUKA

Mgonjwa huletwa hospitali kwa homa ya mapafu, akapewa dawa, homa ikashuka. Kisha usiku wa nne akateremka kitandani kwenda msalani, akateleza, akavunjika nyonga. Maradhi yaliyomleta yamekwisha. Lililobaki ni jeraha alilolipata mikononi mwa wale waliokabidhiwa kumponya. Katika daftari la wodi jambo hili huandikwa kwa mstari mmoja, na pengine lisiandikwe kabisa. Nyumbani kwake, mzee aliyekuwa akienda msikitini kwa miguu yake na kurudi, sasa hubebwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya 80 katika kila 100 miongoni mwao hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi hiyo ni ya kuanguka kwa kila namna, mnazini, ngazini, majumbani na barabarani, wala si ya hospitali peke yake. Lakini aangukaye mnazini huanguka penye Mungu na yeye mwenyewe. Aangukaye wodini huanguka mahali ambapo Serikali haiwezi kusema kwamba haikuwapo.

Tunayaandika haya kwa kuwa katika miaka ya karibuni hospitali za wilaya zimeongezeka Unguja na Pemba, na vitanda vimeongezeka pamoja nazo. Penye vitanda vingi huja wauzaji wa vifaa na wenye miradi, kila mmoja na jedwali lake la takwimu mkononi, na kila jedwali lina mstari unaoshuka. Sisi waandishi wa magazeti nasi tunaipenda mistari inayoshuka, maana huandikika upesi. Afisa anayetia saini, hata hivyo, hana budi kuuliza mstari huo umeshukaje, umepimwa na nani, na kwa idhini ya nani.

Tuanze na hesabu yenyewe. Wauguzi wa nchi nyingi hupima jambo hili kwa idadi ya wagonjwa walioanguka katika kila siku 1,000 za kulazwa. Wodi yenye vitanda 30 vilivyojaa mwezi mzima wa siku 30 ina siku 900 za kulazwa. Wakianguka wagonjwa 3 katika mwezi huo, kiwango chake ni 3.3. Mwezi unaofuata akianguka mmoja tu, kiwango kitashuka hadi 1.1, na mtu mwenye haraka atasema kwamba maafa yamepunguzwa kwa theluthi mbili kwa sababu ya viatu vya mpira vilivyogawiwa tarehe mosi. Huenda viatu vimesaidia. Huenda pia mwezi ule wa kwanza ulikuwa na wazee wengi, au mvua ya masika iliingia barazani, au ni bahati tu ya hesabu ndogo, ambazo hupanda na kushuka bila sababu yoyote. Kulinganisha kabla na baada, katika wodi moja, ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, na kwa bahati mbaya ndio unaoletwa mezani mara nyingi kuliko wote.

Yaliyotokea Australia yanafaa kusomwa polepole na kila mkuu wa idara. Huko kulikuwa na mpango uitwao 6-PACK: mgonjwa hupimwa hatari yake ya kuanguka, kisha huchaguliwa la kumfaa kati ya mambo 6, nayo ni alama ya tahadhari kitandani, kusimamiwa anapokuwa msalani, mkongojo kuwekwa anapoufikia, kupelekwa haja kwa saa maalumu, kitanda kinachoshushwa hadi karibu na sakafu, na kengele inayolia anapoinuka. Ni mambo ya busara yote, na hakuna muuguzi ambaye angeyapinga. Kisha mpango ukatiwa mizanini. Kura ikapigwa katika wodi 24 za hospitali 6, baadhi ya wodi zikapewa mpango na nyingine zikaendelea na kazi yao ya kila siku. Wagonjwa walilazwa zaidi ya mara 46,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la BMJ la Uingereza: walioanguka mara 1,831, walioumia mara 613. Wodi zenye mpango zilikuwa na kiwango cha 7.46 kwa kila siku 1,000, na zisizo na mpango 7.03. Tofauti hiyo haina maana yoyote ya kitakwimu. Wauguzi walifanya kazi zaidi, vifaa vilinunuliwa, na wagonjwa waliendelea kuanguka vilevile.

Tunawastahi watafiti wale kwa kuyachapisha matokeo hayo. Kuandika kwamba jambo ulilolitumikia kwa miaka halikufaa kunahitaji uadilifu usiopatikana kila siku, na hospitali ngapi duniani zimeokolewa fedha kwa kusoma kurasa zile.

Kengele za vitandani nazo zina habari yake. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa hospitali moja ya Marekani, wodi 16, wagonjwa 27,672. Katika wodi zilizopewa mafunzo na msaada, matumizi ya kengele yaliongezeka sana. Idadi ya walioanguka haikupungua, wala ya walioumia. Sababu si ngumu kuiona kwa yeyote aliyewahi kuuguza: kengele humwambia muuguzi kwamba mgonjwa amekwisha kuinuka. Ikiwa muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni 40, na yeye yuko mwisho wa wodi akibadilisha dripu, kengele italia na mtu ataanguka huku ikilia.

Hatusemi kwamba hakuna lifaalo. Huko Boston na New York, katika wodi 14, mpango mwingine uitwao Fall TIPS ulifuatiliwa kwa wagonjwa zaidi ya 37,000, na mwaka 2020 ikaelezwa kwamba kuanguka kulipungua kwa asilimia 15 na kuumia kwa asilimia 34. Chombo chake kikubwa ni karatasi inayotundikwa kando ya kitanda, ambayo muuguzi huijaza pamoja na mgonjwa mwenyewe na jamaa zake: kwa nini wewe hasa waweza kuanguka, na tufanye nini. Tunaipenda karatasi hiyo, na papo hapo twasema kwamba utafiti huo wa 2020 haukugawa wodi kwa kura, kwa hiyo uzito wake haulingani na ule wa Australia. Utafiti wa awali wa kundi hilohilo, wa mwaka 2010, uligawa kwa kura. Kuanguka kulipungua, lakini majeraha hayakuonekana kupungua, kwani majeraha yalikuwa machache mno kuweza kupimwa. Msomaji mwaminifu hana budi kuyashika yote mawili kwa pamoja.

Vipimo vya hatari navyo visitwaliwe kama dua iliyokwisha kujibiwa. Kipimo kinachotumika sana ni cha Morse, kilichotungwa Canada na kuchapishwa miaka ya 1980. Mgonjwa aliyewahi kuanguka hupewa nukta 25, mwenye dripu nukta 20, anayetembea kwa kushikilia meza na kuta nukta 30. Hakuna nukta hata moja kwa chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, ambacho mzee hujinasua nacho gizani, wala kwa jamaa aliyelala juu ya mkeka kando ya kitanda, ambaye mgonjwa humruka kwa kumwonea huruma asimwamshe. Kipimo si kibaya, kilipimwa kwengine. Kabla ya kukifanya amri visiwani, wauguzi wetu wapewe nafasi ya kukijaribu na kuona kinawakamata wangapi wanaoanguka kweli na kinawatisha bure wangapi.

Hapa ndipo maadili yanapoingia, na tungependa yasichukuliwe kuwa fomu ya kujazwa mwishoni.

Hesabu ya kuanguka hutoka katika kalamu ya muuguzi mwenyewe. Ukimkemea mbele ya wenzake kwa kila mgonjwa aliyeanguka zamu yake, utapata wodi isiyo na wanaoanguka katika karatasi. Wodi iliyoanza kuandika kweli itaonekana mbaya kuliko wodi inayoficha, na ole wake mkuu wa wodi hiyo siku ya ukaguzi. Kwa hiyo utafiti wowote utakaofanywa huku utenganishwe na adhabu, na hili lielezwe kwa maandishi na Wizara kabla ya siku ya kwanza ya kuhesabu.

La pili ni baya zaidi. Njia ya hakika ya kumzuia mtu asianguke ni kumzuia asisimame. Nchini Marekani, tangu Oktoba 2008, mfuko wa Medicare haulipi gharama ya ziada ya jeraha la kuanguka ambalo mgonjwa amelipata akiwa amelazwa. Na tangu hapo wataalamu wameonya kwamba hospitali zinaogopa mno hata kumwacha mzee atembee. Siku chache za kulala tu hunyong'onyeza miguu, na mzee hurudi kwake akiwa tayari kuanguka huko, ambako hakuna anayehesabu. Kuhusu kufunga wagonjwa kwa mikanda, mwaka 1992 vilielezwa katika jarida moja la wazee la Marekani vifo 122 vilivyosababishwa na mikanda hiyohiyo iliyowekwa kwa ajili ya usalama. Mtafiti anayehesabu walioanguka na asihesabu waliofungwa hajaleta hesabu kamili, na asipewe kibali.

La tatu ni ridhaa. Wodi nzima inapopigiwa kura, ni nani anayeulizwa? Mwaka 2012 Tamko la Ottawa liliweka miongozo ya tafiti za namna hii, nalo halimruhusu mkuu wa hospitali kukubali kwa niaba ya kila mtu kana kwamba wagonjwa ni mali ya jengo. Na mzee aliyepotewa na fahamu je? Kumwacha nje ya utafiti ni rahisi, lakini ndiye anayeanguka zaidi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2011 juu ya kuwaelimisha wagonjwa ulionyesha faida kwa wenye akili timamu tu. Kama watafiti wangewaacha wale wengine, tungedhani somo lile linamfaa kila mtu. Awemo, basi, na ridhaa itakwe kwa jamaa yake wa karibu, kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani, si kwa karatasi iliyotafsiriwa neno kwa neno.

Wananchi wa Pemba hawahitaji kufundishwa kwamba hesabu zaweza kuokoa. Utafiti mkubwa wa vidonge vya madini ya chuma kwa watoto wadogo ulifanyika kisiwani humo, na matokeo yake yakachapishwa katika The Lancet mwaka 2006. Watoto 24,076 walihusika katika sehemu ya madini ya chuma. Kila mtu aliamini kwamba madini hayo ni kheri. Mwezi wa Agosti 2003 kamati huru iliyokuwa ikizikagua takwimu iliona kwamba watoto waliopewa walikuwa wakifa au kulazwa zaidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa, na vidonge vikasimamishwa. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Laiti isingekuwapo kamati ile, nia njema ingeendelea kugawiwa kila asubuhi.

Kuanguka kwa wazee kunastahili kamati kama hiyo. Itasemwa kwamba jambo ni dogo, ni viatu na karatasi tu. Lakini mpango unaomtia mgonjwa ujasiri wa kuinuka peke yake waweza kuongeza majeraha, na asiyetazama hataona.

Tunaiomba Wizara ya Afya ianze na jambo lisilo na fahari: mwaka mmoja wa kuhesabu tu, kila hospitali, kwa maana moja ya neno kuanguka, mchana na usiku, pamoja na idadi ya wauguzi waliokuwa zamu saa hiyo, umbali wa msala na kama taa zilikuwa zinawaka. Vitanda vya kushushwa na kengele zisubiri. Fedha za mwaka huo ziende katika kuajiri wauguzi wa usiku, kuweka vishikio ukutani na taa njiani, mambo ambayo hayahitaji kura kuyathibitisha. Na matokeo yakipatikana, yabandikwe kwa Kiswahili mlangoni mwa kila wodi iliyohesabiwa, kabla hayajapelekwa kwa jarida lolote la nje.