Wino mzuri machoni, lakini bibi hakuweza kuusoma

Binti wa darasa la sita aliletewa na shangazi yake kalamu ya wino na kichupa cha wino wa samawati hafifu, kama anga la asubuhi. Usiku huohuo alimwandikia bibi yake kijijini barua ya kurasa mbili, akimwomba msamaha kwa kuondoka likizo iliyopita bila kuaga.

Wiki mbili zikapita kimya. Mtoto akaamini bibi bado amekasirika, hata chakula kikawa hakipiti vizuri. Mama alipopiga simu, jibu likawa: “Karatasi nimeipata, lakini macho yangu hayaoni kitu. Mjukuu wangu aliandika nini?”

Jioni hiyo baba na binti waliujaribu wino ule mezani. Sentensi moja iliandikwa kwenye daftari la shule na kwenye karatasi nyeupe laini. Daftari lilinyonya wino, herufi zikavimba na kuonekana nyuma ya ukurasa. Kwenye karatasi laini zilikaa vizuri, ila chini ya taa ya sebuleni baba alilazimika kuisogelea ndipo asome. Tone la maji liliposhuka juu yake, neno zima likayeyuka.

Sababu ni rahisi. Wino mwingi wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa katika maji. Ukiwa hafifu, rangi yenyewe ni kidogo, hivyo herufi hazijitokezi sana kwenye karatasi. Kalamu yenye ncha nene humwaga wino zaidi, na wino uleule huonekana umekolea.

Wenzetu wa Ujerumani wamezoea kuwapa watoto kalamu za wino. Kampuni ya Pelikan ilitoa ya wanafunzi, Pelikano, mwaka 1960. Mzazi anayempa mwanawe kalamu ya aina hiyo afanye mambo manne:

• Ajaribu wino kwenye daftari ambalo mtoto analitumia kweli.

• Asome maandishi usiku, karatasi ikiwa umbali wa mkono.

• Asuuze kalamu kwa maji safi yasiyo ya moto kabla ya kubadili wino.

• Asiweke wino mzito wa kuchorea, maana huziba kalamu.

Kwa kazi ya kusahihishwa, bluu iliyokolea au nyeusi ndiyo salama. Mitihani ya sekondari ya NECTA huelekeza wino wa bluu au mweusi, na hapo si mahali pa kubahatisha.

Binti aliiandika upya barua yake kwa wino mweusi, herufi kubwa kubwa. Samawati yake akaitumia kuchora maua pembeni.

Siku barua ilipofika, simu ililia mapema kabla ya shule. “Shikamoo bibi,” alisema mtoto kwa woga.

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimeisoma mwenyewe, bila kusomewa na mtu. Likizo uje.”