KONA YA UFUNDI: Hewa ndani ya shokapu

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya cherehani. Mtusamehe, cherehani itangoja, sababu kwenye bomba la maji tumesimamishwa mara nyingi na swali moja tu: yule kijana wetu anayejifunza ufundi wa pikipiki Gikondo, ni kweli amefukuzwa sababu ya hewa?

Karibu kweli. Tuliomba ruhusa ya kutoka, tukashuka hadi Karongi, tukapanda basi mpaka Nyabugogo na moto mpaka Gikondo, kule chini kuelekea bondeni. Mama yake ndiye aliyetuomba, maana familia ilikuwa imetoa pesa ya chakula ya miezi kadhaa kwa ajili ya spana na kodi ya chumba. Akirudi bila ufundi, ile pesa imekwenda hivyohivyo.

Mambo yalikuwa hivi. Patroni wake alimwachia peke yake shokapu mbili za mbele (sisi wa Kivu tunasema amotisere) za pikipiki ya njia mbaya, ile ndefu yenye matairi ya meno. Zilikuwa zinavuja. Kijana akabadilisha sili, akamimina mafuta, akafunga, na mwenye pikipiki akaichukua jioni ileile. Kesho yake akarudi amekasirika. Mbele inapiga chini kwenye kila shimo, shokapu ya kushoto inavuja kuliko zamani, na mafuta yamefika kwenye diski ya breki. Alikuwa amembeba mama mmoja kwenye mteremko, akabana breki, ikateleza. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini patroni alisema: chukua nguo zako.

Tulimkuta mzee mmoja, fundi wa siku nyingi pale, akiwa na ile shokapu mezani. Alitueleza kwa upole, nasi tunawaeleza kama tunavyofanya darasani.

Chukueni bomba la sindano bila sindano yenyewe. Vuteni hewa, zibeni tundu kwa kidole, sukumeni. Inabonyea, halafu inarudi. Sasa vuteni maji, zibeni, sukumeni. Hakuna kinachobonyea. Shokapu inafanya kazi kwa tofauti hiyo. Ndani kuna springi inayobeba uzito, na kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Bila mafuta hayo springi ingerukaruka kama godoro. Mafuta ndiyo yanaiambia: polepole. Lakini hewa ikijificha chini, kwenye njia ya mafuta, matundu yanapitisha mapovu, na mapovu hayazuii kitu.

Sasa sikieni kosa, ndo lilitushangaza. Kijana hakutoa hewa ya chini. Alipotazama juu aliona mafuta yamefika, kumbe yamesimama juu ya hewa. Pikipiki ilipotembea hewa ikapanda, mafuta yakashuka, shokapu ya kulia ikabaki na upungufu. Ya kushoto, kwa kuwa alikuwa anamimina kwa jicho, iliingia mafuta mengi mno. Na hapo juu ya mafuta lazima pabaki nafasi ya hewa, maana ile ya juu inatakiwa, inasaidia springi. Nafasi ikiwa ndogo, shokapu inapobonyea hewa inabanwa kupita kiasi na kusukuma mafuta kwenye sili. Ndiyo sababu moja ilikuwa laini na nyingine ikavuja, na zote mbili zilifungwa na mkono mmoja, siku moja.

Patroni alikubali kijana airudie kazi mbele yetu, mzee akisimama pembeni. Tuliandika kila kitu.

Kwanza aliweka kipande cha mti chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Kabla ya kutoa chochote alilegeza bolti ya juu inayobana mguu wa shokapu, halafu akalegeza kifuniko cha juu kidogo tu, wakati mguu bado umeshikwa chini. Ukishautoa nje utahangaika nao kama samaki mbichi. Breki aliifungua akaifunga kwa kamba kwenye fremu, isining'inie kwa mpira wake, na mkono wa breki hakuna aliyeugusa. Gurudumu likatoka, miguu ikatoka. Kifuniko alikimalizia akiwa amegeuza uso pembeni, maana springi inakisukuma. Mzee alituonyesha kovu kwenye kidevu chake, hakusema zaidi.

Mafuta ya zamani yalitoka meusi, yananuka samaki. Aliyamwagia kwenye dumu, sio chini. Bonde la Gikondo lilikuwa na viwanda vilivyohamishiwa Masoro ili kinamasi kipone, na fundi anayemwaga mafuta pale anaharibu kazi ya wengine. Aliuinamisha mguu, akapampu mpaka tone la mwisho, akaosha kwa dizeli, akakausha.

Halafu bomba linalong'aa. Alipitisha ukucha juu yake polepole, na mahali pamoja ukucha ukakwama: kutu, ndogo kama punje ya uwele. Hiyo inakata sili mpya ndani ya wiki. Aliisugua kwa msasa laini sana wenye mafuta mpaka ukucha ukapita. Shimo likiwa kubwa, bomba linabadilishwa, hakuna dawa nyingine. Sili ya kushoto iliyoharibika akaitoa, mpya akaipaka mafuta, na kwenye ncha ya bomba akavisha mfuko wa nailoni ili ukingo mkali usiichane. Tulicheka, lakini mzee alisema ule mfuko umemwokolea sili nyingi. Akaigonga iingie sawasawa kwa kuweka sili ya zamani juu yake.

Sasa hewa yenyewe. Springi ikiwa bado nje, alimimina mafuta ya shokapu akipima kwa chupa ya mtoto yenye mistari. Akina mama, chupa ile ikishapima mafuta isirudi tena kwa mtoto! Kiasi kinaandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yenyewe. Kwa zile ndogo za abiria mara nyingi hakifiki robo lita kila mguu. Mafuta ya breki hayaingii humo kabisa, yanaharibu mpira. Halafu akashika bomba, akalipandisha na kulishusha polepole, mara kumi, kumi na tano. Mwanzoni lilikuwa linaruka, mahali pengine zito, mahali pengine tupu, na mapovu yanapanda. Baadaye likawa zito sawa kutoka juu mpaka chini. Akausimamisha mguu dakika kumi mapovu madogo yaishe. Ndipo akalishusha bomba mpaka mwisho na kupima kwa rula kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye mafuta, kufuata kitabu. Mguu wa pili ulipimwa kwa rula ileile, ukapungukiwa, akaongeza kwa sindano.

Baada ya kurudisha gurudumu alibonyeza mbele mara kadhaa kabla ya kukaza bolti ya mwisho ya ekseli, ili miguu ijipange isisuguane. Diski ikaoshwa kwa petroli. Pedi za breki zilizonyonya mafuta zilitupwa. Hazisafishiki, na kijana ndiye aliyezilipa.

Kuna jambo moja kwa wale wenye pikipiki za milimani. Nyingine zina skrubu ndogo juu ya kila mguu. Hewa hujaa humo kwa kutembea, na pia kwa kupanda: shokapu iliyofungwa Gikondo, ikifika juu huku kwetu ambako hewa ya nje ni nyepesi, inakuwa ngumu kidogo. Nyanyua gurudumu la mbele, fungua skrubu zote mbili, itasema psss, funga. Basi. Usifungue ikiwa imesimama kwa uzito wake.

Baba mmoja alituuliza kama ufundi huu una kesho, kwa kuwa tangu Januari 2025 moto mpya za abiria zinazoandikishwa Kigali zinatakiwa kuwa za umeme. Baba, injini imeondoka, ndiyo, lakini tulitazama moja palepale barabarani: shokapu mbili za mbele, na moja ilikuwa inavuja.

Kijana amebaki. Wiki mbili hatalipwa, na shokapu hafungi peke yake mpaka mzee aseme. Mama yake alipopata habari hakusema kitu, alienda kuteka maji.

Jumamosi saa tisa mchana, darasa la mwisho karibu na mti, tutafanya jaribio la sindano na shokapu kuukuu tuliyopewa na mzee. Njoo na kitambaa kibovu. Cherehani mwezi ujao, bila kuongopa.

Walimu wenu wa kujitolea