Afya ya Fizi: Eneo Linalosahaulika katika Huduma kwa Wagonjwa wa Figo

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Machi wa kila mwaka huwa na maadhimisho mawili ya afya yanayokaribiana. Alhamisi ya pili ya mwezi huo ni Siku ya Figo Duniani, na tarehe 20 ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Kila siku huwa na kaulimbiu yake, ilhali kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, maradhi yanayozungumzwa katika siku hizo mbili hukutana ndani ya mwili mmoja.

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi kwa kawaida huhitaji kuunganishwa na mashine kwa takribani saa 4, mara 3 kwa wiki. Kwa ratiba hiyo, pamoja na gharama na safari zake, si ajabu meno yakawa jambo la mwisho kufikiriwa. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe hukidhuru kinywa. Kupunguza maji ya kunywa hukausha mate, na taka zinazobaki katika damu huleta harufu mbaya na ladha ya chuma. Kisukari, ambacho ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kushindwa kufanya kazi, hudhoofisha fizi. Aidha, baadhi ya dawa za shinikizo la juu la damu, zikiwamo nifedipini na amlodipini, zinaweza kuzifanya fizi zikue kupita kiasi.

Ugonjwa wa fizi huanza kimyakimya. Ukoga usiposafishwa huwa mgumu na kuwa ugaga. Fizi huvimba na kutoka damu, kisha mfupa unaoshikilia jino huliwa taratibu hadi jino kulegea. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022, takribani watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa mgonjwa wa figo, ambaye kinga yake ya mwili imepungua, fizi zilizooza ni chanzo cha maambukizi yasiyokoma. Tafiti zimeonesha kuwa kutibu fizi kunaweza kupunguza viashiria vya uvimbe katika damu, ingawa haijathibitishwa kuwa matibabu hayo pekee hurefusha maisha.

Matibabu yenyewe kwa sehemu kubwa hayahitaji upasuaji, kwani ugaga huondolewa juu na chini ya fizi. Linalohitajika ni mpangilio. Siku inayofaa zaidi ni ile inayofuata baada ya kusafishwa damu, kwa kuwa heparini, dawa inayozuia damu kuganda ndani ya mashine, huwa imekwisha nguvu na taka katika damu zimepungua. Mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine haupimwi shinikizo la damu wala kuchomwa sindano. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huepukwa, na kipimo cha baadhi ya antibayotiki hurekebishwa.

Umuhimu wa jambo hili unaongezeka kadiri huduma za kibingwa zinavyopanuka nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, ikifuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2018. Kabla ya upandikizaji, kinywa huchunguzwa, kwa sababu baada yake mgonjwa hutumia dawa za kushusha kinga ya mwili na maambukizi madogo ya fizi yanaweza kuwa hatari. Hivyo, fizi zisizotibiwa zinaweza kuchelewesha upasuaji ambao mgonjwa na ndugu aliyejitolea figo wameusubiri kwa muda mrefu.

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya kinywa mwaka 2021 na jingine kuhusu afya ya figo mwaka 2025. Nchini, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Misingi hiyo itakuwa na maana kwa mgonjwa endapo kitengo cha kusafisha damu na kliniki ya meno vitawasiliana. Hatua hiyo haihitaji mashine mpya. Inahitaji barua ya rufaa, orodha ya dawa na ratiba inayojulikana pande zote mbili.

Kwa upande wao, wagonjwa wanapaswa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi, kumweleza daktari wa meno kuwa wanasafishwa damu, na kuepuka kujinunulia dawa za maumivu madukani. Damu inayoonekana kwenye mswaki isichukuliwe kuwa jambo la kawaida. Itolewe taarifa katika kliniki mapema, wakati jino bado linaweza kuokolewa.