Gari halisomi kwenye mfumo, ila deni linasoma



Nawauliza wanaohusika na usajili wa magari nchini: mtu mwenye gari la zamani, lenye namba za zamani, aliyelifungia bandani kwa sababu lilikuwa bovu na sasa amelitengeneza, apite mlango gani ili lirudi barabarani kihalali? Nimeuliza ofisini, nimeuliza polisi, nimeuliza kwa wakala wa bima. Wote wamenijibu kwa adabu, na kila mmoja amenielekeza kwa mwenzake.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mwaka 1978, mali ya marehemu mume wangu. Asiyeijua Usambara asidhani nalililia la maonyesho. Kabichi, karoti na mapea ya vijiji vya juu huku Lushoto vinateremshwa na magari ya aina hii, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha Noah haikanyagi. La kwetu lilivunjika giaboksi mwaka 2001, fedha ya giaboksi ikaishia kwenye ada za shule, likabaki bandani. Baada ya hapo zikaja hizi namba za T, tarakimu tatu na herufi tatu. Yaliyokuwa yanatembea yakabadilishiwa namba. La kwetu likabaki na namba yake ya zamani, ya TZ.

Watoto wamemaliza shule, mmoja ni fundi, giaboksi imepatikana Moshi na injini inawaka. Hatua za mirathi nilishazikamilisha Mahakama ya Mwanzo na barua ya usimamizi ninayo. Nikadhani kilichobaki ni makaratasi.

“Mama, gari hili halisomi kwenye mfumo,” binti wa dirisha la kwanza aliniambia nilipofika ofisi ya usajili, Tanga.

“Halisomi vipi, mwanangu?”

“Yaani halipo.”

Nikampa kadi ya gari. Mchwa wamekula pembe moja, lakini namba, jina la mume wangu na muhuri wa serikali vinaonekana vizuri. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku, akasema kadi yeye anaiona, tatizo mfumo hauioni. Akanituma dirisha la pili. Huko kijana mmoja alitoa kikokotoo akaanza kunipigia hesabu ya ada ya leseni ya kila mwaka tangu 2001. Nikamuuliza: gari ambalo mwenzako hapo anasema halipo, wewe unalidai vipi? Akacheka, nami nikacheka. Lakini kikokotoo hakukiweka chini.

Hesabu ile ilinishangaza kwa sababu nyingine pia. Mwezi Juni 2017, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alisoma bajeti bungeni Dodoma akatangaza kufutwa kwa ada hiyo ya mwaka, pamoja na msamaha wa madeni ya nyuma. Badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa sh. 40 kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa.   Gari lenye injini kama ya letu, cc 2,286, lilikuwa kwenye kundi la kulipa sh. 200,000 kwa mwaka, litembee lisitembee. Niliona mabadiliko yale ni ya haki: anayechoma mafuta barabarani ndiye anayelipa. Land Rover yetu haijachoma hata lita moja barabarani tangu 2001. Sasa vipi mwananchi aende na nakala ya hotuba ya bajeti mkononi ili kumkumbusha mtumishi wa umma msamaha uliotangazwa na serikali yake mwenyewe?

Tuseme deni limekwisha. Bado kuna ukaguzi. Gari lazima lionwe na mkaguzi wa magari wa polisi, na ukaguzi unafanyika kituoni. Kulifikisha kituoni ni lazima lipite barabarani, na barabarani haliruhusiwi kupita bila bima. Wakala wa bima naye akiingiza namba anajibiwa nilichojibiwa mimi, hakuna gari kama hilo. Kwa hiyo bila usajili hakuna bima, bila bima hakuna ukaguzi, bila ukaguzi hakuna usajili. Nilipowauliza wenye magari wenzangu wamefanyaje, walinitazama kama mgeni: wanatembea usiku.

Mkaguzi mmoja, Mungu ambariki, alikubali kuja mwenyewe nyumbani. Bodi la Land Rover ni alumini, haliliwi na kutu, ila chesisi ni chuma. Alipiga magoti mbele upande wa kulia, pale inaposhikwa springi, akasugua kwa brashi ya waya, akapangusa kwa kitambaa chenye dizeli, akasugua tena. Tarakimu zikaanza kutoka moja moja. Akaweka karatasi juu yake, akapitisha penseli, namba yote ikajichora. Tukailinganisha na ile ya kwenye kadi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mafundi wawili, ikawa ileile. Akaandika ripoti, akagonga muhuri. Ripoti hiyo ofisini imepokelewa kwa neno moja: haitoshi. Linatakiwa faili la awali, na faili linatafutwa.

Naelewa kwa nini wanaogopa. Lushoto si mbali na mpaka, na gari lililoingizwa bila ushuru linaweza kuvalishwa namba ya gari lililokufa. Wizi wa magari nao upo. Lakini utaratibu wa sasa hauzuii hilo, unalilisha. Nje ya geti la ofisi, kishoka mmoja alinifuata hadi kwenye mgahawa. “Mama, utazunguka mpaka uchoke. Nipe namba ya chesisi tu, nakuletea kadi inayosoma.” Kadi ya gari gani? La mtu mwingine, lililokwishauzwa kama chuma chakavu. Na bei aliyotaja ni ndogo kuliko nauli na malazi ya Tanga niliyokwisha kulipa. Mimi nilikataa, lakini sitamshangaa jirani yangu akikubali, kwa maana ana kabichi shambani zinazooza.

Uingereza, zilikotengenezwa Land Rover hizi, tangu 1998 mwenye gari lililosimama analitangaza rasmi kwamba haliko barabarani. Hadaiwi kodi ya barabara wakati huo, na gari halipotei kwenye kumbukumbu. Siku likipona anatengua tangazo. Sisi tunaweza kuanza na kidogo kuliko hicho. Ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, orodha ya nyaraka zinazotakiwa kwa gari lenye namba za zamani, ili dirisha la kwanza na la pili yaseme kitu kimoja. Ripoti ya mkaguzi wa wilaya yenye namba ya chesisi ikubaliwe pale faili la serikali linapokuwa halionekani, kwa sababu si mimi niliyekuwa nalitunza. Kitolewe kibali cha siku moja cha kulipeleka gari kwenye ukaguzi, mchana kweupe. Na madeni ya kabla ya Julai 2017 yakome kutajwa madirishani.

Naomba wahusika wanijibu hapahapa gazetini, wasinipigie simu. Kwenye mabanda ya huku milimani TZ bado zimejaa, na wenyewe wanasoma gazeti hili.

Mjane na mkulima wa mboga,
Soni, Lushoto