Mchezaji Mkongwe na Nafasi ya Kijana

Tarehe 3 Desemba, 2025, klabu ya mpira wa kikapu ya Clippers ya mji wa Los Angeles, nchini Marekani, ilitangaza kwamba inaachana na mchezaji wake mkongwe, Chris Paul. Miezi mitano tu kabla ya hapo, katika Julai ya mwaka huo huo, klabu hiyo ilikuwa imempokea kwa shangwe kama mwana aliyerejea nyumbani, kwa kuwa alipata kuichezea kutoka mwaka 2011 hadi 2017. Aliporejea alikuwa na umri wa miaka 40. Katika historia yote ya ligi ya NBA ni mtu mmoja tu aliyempita kwa idadi ya pasi za kufungisha. Siku chache kabla ya kuagwa alikuwa amekwisha kuwaarifu mashabiki wake kwamba msimu huo ndio wa mwisho kwake. Aliruhusiwa kucheza mechi 16 tu, na kila mechi ni dakika chache, kisha akaambiwa arudi nyumbani.

Klabu ambayo msimu uliotangulia ilishinda mechi 50 ilikuwa wakati huo imeshinda mechi tano tu na kupoteza 16. Kiongozi wa shughuli za klabu hiyo, Lawrence Frank, alisema wazi kwamba hakuna anayemlaumu Paul kwa matokeo hayo mabaya. Tunakubaliana naye. Lakini ikiwa mchezaji si wa kulaumiwa, basi hapana budi swali liwarudie waliomsajili: walimwita aje kufanya kazi gani?

Huenda wakatokea wasomaji watakaouliza jambo hili la Marekani latuhusu nini sisi watu wa Visiwani. Jawabu letu ni kwamba latuhusu sana. Hakuna kamati ya klabu, iwe ya Unguja au ya Pemba, ya kikapu au ya kandanda, ambayo haikutani na swali hilo kila msimu unapokaribia: je, tumchukue yule bingwa wa jana, ambaye jina lake lingali likivuma lakini magoti yake yameanza kulalamika? Tena baadhi ya klabu zetu hubebwa na vikosi na idara za Serikali, na kwa hivyo kila kiti kinachotolewa ndani ya klabu hizo ni kiti cha umma. Kukitoa bila ya kufikiri ni kuupotezea umma haki yake.

Iko sababu nyingine ya kutufanya tulitazame jambo hili kwa karibu. Mfano ulio mkubwa kuliko yote wa kosa la namna hii ulitokea mbele ya macho ya Mtanzania mwenzetu. Mwezi Juni mwaka 2009, klabu ya Memphis Grizzlies ilimteua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, kuwa mchezaji wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka ule, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA. Memphis ilikuwa klabu ya vijana. Msimu uliopita ilikuwa imeshinda mechi 24 na kupoteza 58, na uamuzi wake ulikuwa kulea vijana hao hadi wakomae.

Mwezi Septemba wa mwaka huo, klabu hiyo ikamsajili Allen Iverson, aliyekuwa na umri wa miaka 34. Hapana haja ya kumsifu sana Iverson, kwani sifa zake zinajulikana. Alikuwa mtu wa futi sita aliyewashinda majitu. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2001, akaifikisha Philadelphia fainali mwaka huo huo, na mara nne aliongoza ligi nzima kwa kufunga. Lakini nafasi aliyoitaka, ya mchezeshaji anayepanda na mpira na kuamua mwendo wa timu, ilikuwa tayari ina mwenyewe. Mwenyewe ni Mike Conley, kijana wa miaka 21 aliyekuwa anaingia msimu wake wa tatu.

Matokeo yake yalikuwaje? Iverson alianza msimu akiwa ameumia paja. Alipopona alicheza mechi tatu, zote ugenini na zote akitokea benchi. Akalalamika hadharani, akaondoka, na tarehe 16 Novemba mkataba wake ukavunjwa. Mechi tatu! Wala haikuwa siri kwamba mambo yangefikia hapo. Mapema mwaka huo, alipokuwa akiichezea Detroit, Iverson alikwisha kusema kwamba afadhali astaafu kuliko kuwa mchezaji wa akiba. Waliomsajili waliyajua hayo. Walichokitazama wao ni viti vitupu vya uwanja wao na jina ambalo lingeweza kuuza tiketi.

Sisi hatumlaumu Iverson kwa kujiona bado ni simba. Mtu aliyeishi kwa kujiamini hawezi kuvuliwa imani hiyo kwa saini ya mkataba. Kosa ni la mwenye nyumba aliyemwalika mgeni wa heshima bila ya kumwambia atakaa wapi, kisha akastaajabu mgeni alipoona haya na kuondoka. Na lau kama Memphis wangemtii mgeni wao, hasara ingekuwa kubwa zaidi. Yule kijana Conley aliachiwa nafasi yake, na msimu ule ule klabu ikamaliza na ushindi wa mechi 40. Mwaka 2013 klabu hiyo ilifika fainali ya Kanda ya Magharibi, na Conley alipoondoka mwaka 2019 alikuwa amefunga pointi nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika historia yake. Hayo yote yangeweza kuuzwa kwa bei ya tiketi za mwezi mmoja.

Hata hivyo, tungekuwa tunapotosha kama tungeishia hapo na kusema kwamba wazee wote wakae nyumbani. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, na mpira wa kikapu umelithibitisha neno hilo. Mwezi Februari 2008, klabu ya Dallas ilimchukua Jason Kidd, aliyekuwa anakaribia miaka 35, na katika mabadilishano hayo ikamtoa Devin Harris, kijana wa miaka 24. Mwaka uliofuata Harris akawa miongoni mwa nyota wa ligi, na watu wengi wakacheka kwamba Dallas imeuza mche ikanunua gogo. Mwezi Julai 2009 Kidd akiwa na miaka 36 Dallas ikampa mkataba mwingine, na kicheko kikazidi. Lakini mwaka 2011, Kidd akiwa na miaka 38, Dallas iliifunga Miami mechi nne kwa mbili na kutwaa ubingwa wake wa kwanza.

Tofauti baina ya Kidd na Iverson haikuwa umri, kwani Kidd ndiye aliyekuwa mkubwa. Tofauti ilikuwa kazi. Kidd hakuja Dallas kuwa mfalme, kwa maana mfalme alikuwapo, naye ni Dirk Nowitzki. Alikuja kuona mapema, kutoa pasi kwa wakati wake, kulinda, na kutulia wakati wengine wanapotaharuki. Zaidi ya hayo, mtu ambaye katika ujana wake hakusifiwa kwa kutupa mpira kutoka mbali alijifunza ukubwani akawa hodari wa mitupo ya pointi tatu. Miguu ilipopungua kasi alitafuta kitu kingine cha kuwapa wenzake. Huyo ndiye mzee anayestahili kusajiliwa.

Tena hadithi ya Conley haikuishia Memphis. Mwezi Februari 2023, naye sasa akiwa na miaka 35, alihamishiwa klabu ya Minnesota, iliyokuwa na kijana mwenye kipaji kikubwa, Anthony Edwards. Conley hakugombea usukani na kijana huyo. Alimsafishia njia. Mwaka 2024 Minnesota ilifika fainali ya Kanda ya Magharibi kwa mara ya kwanza tangu 2004, na mwaka 2025 ikafika tena. Katika msimu ule wa 2024 wachezaji wa ligi nzima walimpigia kura Conley kuwa mwenzi bora wa timu. Kijana ambaye nafasi yake ilinusurika mwaka 2009 ndiye aliyekuwa mkongwe mwenye manufaa miaka kumi na tano baadaye. Hapo ndipo pana fundisho lote: asiyelea vijana leo hatakuwa na wazee wenye hekima kesho.

Kutokana na hayo, maoni yetu juu ya swali hili ni wazi. Nyota mkongwe asajiliwe, lakini kwa masharti matatu, na likikosekana moja asisajiliwe hata kama mashabiki watapiga kelele hadi usiku.

Sharti la kwanza ni kwamba kazi yake itajwe kabla ya wino kukauka. Aambiwe kwa heshima, lakini aambiwe, kama ataanza au atatokea benchi, ni dakika ngapi, na ni nani mwenye kauli ya mwisho uwanjani. Kumficha mtu mzima jambo hilo kwa kumwonea haya si heshima, bali ni kumtegea aibu iliyo kubwa zaidi mbele za watu.

Sharti la pili ni kwamba atajwe kwa jina kijana atakayefaidika na ujio wake. Kama kamati haiwezi kumtaja, basi mzee huyo hakuja kufundisha bali amekuja kuziba njia. Mahodari wetu wa bahari wanajua kwamba nahodha mzee huwekwa karibu na kijana anayeshika usukani ili ajifunze mkondo na miamba. Lakini wakishika wote wawili usukani mmoja chombo huenda mrama.

Sharti la tatu, na hili tunawaelekezea hasa maofisa wa Serikali wenye dhamana ya klabu na michezo, ni kwamba usajili usifanywe kwa ajili ya makofi. Ni jambo rahisi kwa kiongozi kupigwa picha pembeni ya mtu mashuhuri siku ya kutia saini. Ni kazi ngumu kukaa na vijana miaka mitatu ambayo ndani yake hapana picha wala shangwe. Lakini umma haukuwapa dhamana hiyo ili muuchekeshe kwa jioni moja. Mtakapotaka kumsajili mkongwe, waiteni walimu wa timu muwaulize kwanza, wala msiwaletee mchezaji aliyekwisha kusajiliwa mkawataka wamtafutie mahali.

Na kwa wachezaji wetu wenyewe, wale ambao Visiwa hivi viliwashangilia na ambao sasa wanahesabu misimu, tuna neno moja la mapenzi. Hakuna anayetaka kuwaona mkiondoka kama Paul alivyoondoka Los Angeles, baada ya miaka ishirini ya utumishi. Msisubiri kuambiwa na kamati. Ulizeni ninyi wenyewe, kabla ya kutia saini, mnaitiwa nini. Mkijibiwa kwamba mnaitwa kuja kuwa kama mlivyokuwa zamani, shukuruni na mkatae, kwa sababu hapana mkataba unaoweza kuirudisha jana. Mkijibiwa kwamba yupo kijana anayehitaji mtu wa kumwonyesha njia, basi nendeni, hata kama kiti chenu kitakuwa benchi.