Stelingi anayepigwa kwanza

Mwandishi, katika makala yako kuhusu filamu za Jackie Chan umezisifu ngumi ukasahau maumivu. Sisi tuliobanana kwenye mabenchi ya banda la video hapa Msangeni, jenereta likiunguruma nje, hatukumpenda Jackie Chan kwa kuwa alijua kupiga. Bruce Lee naye alijua, tena sana, tukamwogopa. Jackie alitandikwa kwanza, akapuliza vidole vyake baada ya kurusha ngumi, akatimua mbio. Pale tukajiona.

Chukua Drunken Master ya 1978. Kijana mtundu ananing'inizwa kichwa chini, anahamisha maji kutoka ndoo ya chini kwenda ya juu kwa vikombe vidogo. Banda zima lilicheka, ila kila aliyewahi kupandisha ndoo kichwani kwenye milima hii ya Ugweno alijua ule si utani. Na yule mzee mlevi anayemfundisha? Kwetu angekuwa babu wa kilabu cha dengelua, unayemdharau mpaka afungue mdomo.

Halafu hujamtaja Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyetutafsiria filamu hizo! Kwa Kiswahili chake, Mchina aligeuka jirani yetu.

Mwisho, usiondoke kabla ya majina kupita. Katika Project A ya 1983, Jackie anadondoka kutoka mnara wa saa, na mwishoni tunaonyeshwa alivyokosea na kuumia. Stelingi gani wa leo anathubutu kutuonyesha hayo? Kicheko kile kililipiwa kwa mifupa, ndiyo maana hakichuji.