Waheshimiwa Maseneta, Kaeni Vitini

Wengi wetu tukisikia habari ya Seneti hutaka kujua jambo moja tu: nani kashinda, nani kashindwa. Matokeo hutangazwa redioni, watu wakashangilia au wakasonya, na mjadala uliozaa kura ile ukasahauliwa kabla ya taarifa kwisha. Leo naandika kuutetea mjadala huo pamoja na taratibu zake, ambazo watu huziona kuwa ni usumbufu wa makarani na mawakili. Kwa mwananchi wa kaunti ndogo taratibu hizo ndizo ngao yake, na inasikitisha kwamba waliokabidhiwa kuishika ndio mara nyingi wanaoiacha chini.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilitupa Seneti ya watu 67 na Spika wao. Kati yao 47 huchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na 20 huteuliwa na vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Lakini likija jambo linalohusu kaunti, hesabu ya vichwa huwekwa kando. Ibara ya 123 inasema kila kaunti ina kura moja. Nairobi, iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 4.3 katika sensa ya 2019, ina kura moja. Lamu, iliyohesabiwa watu 143,920, nayo ina kura moja. Katika Bunge la Kitaifa Nairobi ina wabunge 18 waliochaguliwa, Lamu ina watatu. Ni katika Seneti tu mvuvi wa Faza, kule Lamu, husimama sawa kwa sawa na mfanyabiashara wa mji mkuu.

Sasa tazama ibara hiyo inavyoendelea, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Jambo linalohusu kaunti halipiti kwa wingi wa waliohudhuria. Hupita kwa kuungwa mkono na wingi wa kaunti zote, yaani kaunti 24 kati ya 47, wawe wamekuja au hawakuja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika Seneti hali ni mbaya zaidi ya hapo: asiyekuwepo amesaidia upande wa kukataa, hata kama moyoni alikubali na hata kama watu wake walimtuma akakubali. Kura huitwa kaunti kwa kaunti. Mjumbe huinuka, husema ndiyo au la, ikaandikwa. Ikiitwa kaunti na pasiwe na wa kuitika, Karani hupita kwenye jina linalofuata.

Ni kweli kwamba Katiba imeruhusu seneta asiyekuwepo kumteua mwenzake wa kaunti ile ile apige kura kwa niaba yake. Mwenzake huyo ni nani? Ni seneta mteule aliyejiandikisha kuwa mpiga kura katika kaunti hiyo. Na kwa kuwa wateule ni 20 tu, hesabu haihitaji mwalimu: kaunti zisizopungua 27 zina seneta mmoja peke yake. Akisafiri, akilala, akienda harusini, kaunti nzima imenyamaza. Akidi ya Seneti ni watu 15, idadi ndogo kiasi kwamba ingekuwa haya kuikosa. Hata hivyo si mara moja kengele imelia, dakika zikapita, viti vikabaki vitupu, kikao kikaahirishwa. Nitaambiwa kwamba waheshimiwa wana kazi katika kamati na wana wananchi wa kuwaona mashinani. Nakubali. Lakini vikao vya kawaida ni vya Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Wiki ina siku nyingine nne.

Anayedhani kwamba mjadala hauna faida na akumbuke mwaka 2020. Kila baada ya miaka mitano Seneti huamua mfumo wa kugawa fedha za kaunti. Mwaka ule kiasi kilikuwa shilingi bilioni 316.5, na mfumo uliopendekezwa ulielekea kuzinufaisha kaunti zenye watu wengi. Kaunti hizo zilifurahi. Mandera, Wajir, Marsabit na nyingine za nchi kame, zenye ardhi kubwa, barabara chache na zahanati zilizo mbali, zilitazamia kupoteza mabilioni. Kama jambo hili lingepigiwa kura katika Bunge la Kitaifa, lingekwisha kwa alasiri moja, na wenye wingi wangechukua chao.

Katika Seneti halikwisha. Kutoka katikati ya mwaka hoja ilisomwa, ikarekebishwa, ikaahirishwa, ikarudi, ikaahirishwa tena. Hakuna upande uliofikisha 24. Maseneta wa chama kimoja walipingana, na mahasimu wa kisiasa wakajikuta safu moja kwa sababu kaunti zao zilikuwa na shida moja. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Langat wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, walikamatwa na polisi. Aliyetaka kura ipigwe bila wao hakuipata. Siku ile Seneti haikupiga kura, ikaunda kamati ya watu 12 kutafuta maafikiano. Tarehe 17 Septemba mfumo mpya ukapitishwa. Nusu ya fedha ambazo kila kaunti ilipata awali iliwekwa kuwa msingi usioguswa, na mfumo wenyewe ukaachwa uanze mwaka uliofuata, ambapo fungu la kaunti liliongezwa kufika bilioni 370. Mandera haikupokonywa ili Kiambu iongezewe.

Gharama ilikuwepo, wala sitaificha. Fedha zilichelewa, mishahara ya wauguzi na wafanyakazi wengine wa kaunti ikakwama, na magavana wakafikia kutangaza kufunga shughuli. Aliyelala njaa kwa mshahara uliochelewa ana haki ya kulalamika. Lakini mfumo mbaya ungedumu miaka mitano, na aliyekosa dawa Wajir kwa miaka mitano asingekuwa na wa kumlalamikia.

Kazi nzito kuliko zote ni pale Seneti inapokaa kama mahakama. Bunge la kaunti likimshtaki gavana, Seneti huchagua: imsikilize mbele ya maseneta wote, au iunde kamati ya watu 11 ichunguze. Uchaguzi huo si mdogo. Kamati ikisema mashtaka hayakuthibitishwa, shauri huishia hapo bila kura ya Seneti nzima, kama ilivyokuwa kwa Anne Waiguru wa Kirinyaga Juni 2020. Miezi michache kabla yake, Ferdinand Waititu wa Kiambu alisikilizwa na maseneta wote, akaondolewa. Njia mbili, na mwananchi hana budi kuuliza ni kwa nini leo inafuatwa hii na kesho ile.

Oktoba 2024 alifikishwa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Mashtaka yalikuwa 11, na kila moja lilipigiwa kura peke yake. Matano yakakubaliwa, mengine yakaanguka. Hapo Seneti ilionyesha kwamba ilipima shtaka kwa shtaka. Lakini alasiri ya siku ya mwisho, alipotarajiwa kujitetea, wakili wake alisema kwamba amelazwa hospitalini. Lililetwa ombi la kusubiri mpaka Jumamosi. Maseneta walikataa, wakaendelea bila yeye, na usiku huo huo tarehe 17 wakamwondoa. Mimi sibishani na hukumu yenyewe. Nasema walikosea kukataa siku mbili. Mtu anayepoteza cheo cha pili katika nchi husikilizwa kwa kinywa chake mwenyewe, kwa faida yake na zaidi kwa faida ya waliomhukumu, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba waliogopa kumsikia.

Waheshimiwa, kumbukeni pia kwamba Kenya imewahi kuwa na Seneti ikaipoteza. Ile ya mwaka 1963 ilikuwa na wajumbe 41 chini ya Spika Timothy Chokwe, na iliwekwa mahususi kulinda majimbo na jamii ndogo. Haikuvunjwa kwa bunduki. Mwaka 1966 ilipigia kura marekebisho ya Katiba yaliyoiunganisha na Baraza la Wawakilishi. Yaliongezwa maeneo 41 ya ubunge, yakatoka 117 yakawa 158, maseneta wakapata pa kuingia, na uhai wa Bunge ukasogezwa hadi 1970. Kila mmoja wao aliondoka na kiti chake, na nchi ikakaa bila Seneti mpaka mwaka 2013. Baraza ambalo wenyewe hawaoni thamani ya kukaa ndani yake halichukui muda mrefu kuondolewa.

Lipo pia suala la lugha. Ibara ya 120 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Wapo maseneta wanaosimama wakasema kwa Kiswahili safi tangu mwanzo wa hoja hadi mwisho, nami nawashukuru. Wengi zaidi wafuate. Mswada wa afya au wa ardhi unaojadiliwa kwa lugha ambayo mama wa Garsen haielewi ni mswada uliojadiliwa nyuma ya mlango, hata kama kamera zinaonyesha.

Nawe, ndugu msomaji, usimwachie seneta peke yake. Ibara ya 118 inakupa haki ya kushiriki na inaitaka Seneti ifanye kazi yake hadharani. Maneno yote yanayosemwa ukumbini huandikwa katika Hansard, na kura ya kila kaunti inapoitwa huandikwa pamoja na jina. Seneta wako akija matangani au kwenye harambee, usimwulize ameleta shilingi ngapi. Mwulize mswada wa mwisho uliohusu kaunti yenu ulikuwa upi, alisema nini, na jina la kaunti lilipoitwa aliitika au hakuwepo. Mwulize sasa, na umwulize tena kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Asipokuwa na jibu, mpe kura yako mtu mwingine.